Kutembea na Kutazama Ndege Arabuko-Sokoke: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yale, msimu baada ya msimu: ya jamaa wa Mombasa wanaotaka kubadilisha hewa, ya wageni waliofika Watamu kwa ajili ya bahari, ya walimu wanaopanga safari ya shule. Nimeyapa namba ili pale jibu moja linapogusa jingine nikuelekeze huko badala ya kurudia.

## Kabla ya kufunga safari

1. Arabuko-Sokoke ni nini hasa, na iko wapi?

Ni msitu wa serikali katika Kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, kati ya mji wa Kilifi na Malindi, upande wa bara wa barabara kuu. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 420, na ndio mkubwa zaidi uliosalia katika ukanda wa misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki. Ukanda huo zamani ulishuka kutoka Somalia hadi Msumbiji. Leo umebaki vipande: kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, huku kwetu, Pugu na kwingineko kule Tanzania, na huu.

Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1943. Shirika la Huduma za Misitu (KFS) na Shirika la Wanyamapori (KWS) huusimamia kwa pamoja, wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa na taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI. Maelfu ya watu hupita kando yake kila mwaka wakienda ufukweni bila hata kugeuza shingo. Ndiyo maana umebaki kimya.

2. Nitaona simba?

Hapana. Wala twiga, wala pundamilia. Anayetaka hao aende Tsavo Mashariki, si mbali na hapa. Hapa mnyama mkubwa ni ndovu, na mara nyingi utaona kinyesi na nyayo zake tu (tazama swali la 19). Nasema hivi mapema kwa sababu wageni wengi wanaoondoka wamenuna ni wale walioahidiwa "safari" na mtu wa hotelini asiyewahi kuingia humu.

3. Mimi si mtu wa mazoezi. Njia ni ngumu?

Sehemu kubwa ya msitu ni tambarare. Hakuna mlima wa kupanda wala jabali la kushika kwa mikono. Njia za upande wa mashariki, karibu na kituo cha misitu cha Gede, ziko juu ya mchanga mweupe na zinapitika kwa raba za kawaida. Kinachochosha ni joto na unyevu wa pwani, si mwinuko. Mtu anayeweza kwenda sokoni na kurudi kwa miguu ataweza njia fupi ya kituoni, na anayetaka zaidi atapata barabara za gari zinazoingia ndani kilomita nyingi.

Ushauri wangu ni mmoja: panga umbali mdogo kuliko unavyodhani unaweza. Kilomita mbili kwa saa mbili ni mwendo mzuri kabisa humu. Anayetembea kwa kasi ya barabarani atamaliza njia yote na kurudi na jasho tu.

4. Naweza kuja na watoto, au na wazazi wangu wazee?

Wazee ndiyo, hasa asubuhi, mkiwa na chupa za maji na kiti kidogo cha kukalia. Kwa mwenye shida ya magoti, gari linaweza kufika mbali kwa barabara za ndani wakati wa kiangazi, ashuke na kutembea vipande vifupi.

Watoto inategemea umri. Wa miaka minane kwenda juu wanaopenda wadudu hufurahi kuliko wazazi wao, maana wao hawatafuti ndege. Wanatafuta jongoo, mchwa na vipepeo, na hivyo viko kila hatua. Kwa wadogo zaidi, anza na Gede (swali la 24), kuna kima wa kuwachekesha na njia ni fupi.

5. Sijui ndege hata kidogo. Kuna maana ya kuja?

Ipo. Azima darubini, hata ile ndogo, na mwachie mwongozaji kazi ya majina. Ukitoka unawajua ndege watano kwa sauti, siku yako imelipa. Msitu una zaidi ya spishi 230 za ndege na hakuna anayezikusanya kwa ziara moja.

## Kufika, kulipa, kulala

6. Nafikaje bila gari?

Panda matatu ya Mombasa–Malindi na umwambie utingo akushushe Gede. Kutoka Mombasa ni kama kilomita 110; kutoka Malindi ni chini ya 20. Kituo cha misitu kiko mwendo mfupi kusini mwa njia panda ya Gede, kwa hiyo anayetoka Mombasa atakiona mkono wa kushoto kabla ya kufika mjini, na anaweza kuomba kushushwa hapo hapo. Kutoka Watamu, chukua tuktuk au boda.

Tatizo ni saa. Matatu ya kwanza ya kutoka Mombasa haiwezi kukufikisha alfajiri, na alfajiri ndiyo yenyewe (swali la 11). Basi lala karibu.

7. Kiingilio ni kiasi gani?

Viwango hubadilika na hutofautiana kwa raia, mkazi na mgeni wa nje, kwa hiyo siandiki hapa namba itakayokupotosha baada ya miezi sita. Beba kitambulisho au pasipoti, la sivyo unaweza kutozwa kiwango cha juu. Malipo ya serikali hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, si kwa fedha taslimu getini. Fanya hivyo usiku uliotangulia ukiwa na mtandao mzuri, kuliko kusimama getini saa kumi na mbili asubuhi ukiinua simu juu kutafuta mawimbi huku ndege wakiimba nyuma ya kizuizi.

Fedha ya mwongozaji ni kando, na mnapatana kabla ya kuanza.

8. Ni lazima nichukue mwongozaji?

Kwa njia fupi ya karibu na kituo, uliza siku hiyo hiyo utaratibu ukoje. Kwa kwingine kote, mchukue hata kama hujalazimishwa. Sababu ya kwanza ni ndovu. Ya pili ni kwamba njia za ndani hazina alama za kutosha na zote zinafanana. Ya tatu ndiyo inayonifanya mimi nimchukue kila mara: waongozaji wa hapa wengi wao wamezaliwa vijiji vya kando ya msitu na wanaujua kwa masikio. Utasikia mlio mmoja, yeye atasikia ndege wanne na atakwambia wa tatu yuko upande gani wa mti.

Omba mwongozaji wa ndege hasa. Wapo wanaojua zaidi miti na dawa, nao ni watu wa kufurahisha, lakini utakuwa umekuja na swali jingine.

9. Nilale wapi?

Watamu kuna kila bei, kuanzia vyumba vya kawaida vya kijijini hadi hoteli za ufukweni. Gede kuna nyumba chache za wageni zisizo na makeke. Anayependa hema aulize kituoni kuhusu kupiga kambi. Watu wa ndege wengi hufikia kituo cha A Rocha Kenya huko Watamu, shirika la uhifadhi ambalo limefanya utafiti humu kwa miaka mingi, na mezani jioni utasikia nani kaona nini wapi.

## Msimu na saa

10. Mwezi gani ni mzuri?

Inategemea unamtaka nani. Kuanzia Septemba hadi Aprili hori ya Mida, mkono wa bahari ulio ng'ambo ya barabara (swali la 22), imejaa ndege wahamiaji kutoka kaskazini. Kuanzia Aprili au Mei hadi Oktoba anafika mgeni wa upande wa pili: Geokichla guttata, ndege wa ardhini mwenye kifua cheupe chenye madoa meusi, anayekuja pwani yetu kutoka kusini. Kwa hiyo mwezi wa Oktoba, kwa bahati kidogo, unaweza kuwapata wote, na Aprili vilevile kama mvua itakuruhusu.

Mvua ya masika, Aprili hadi Juni, huharibu barabara za ndani (swali la 27) na kuzidisha mbu. Februari na Machi ni joto la kukatisha tamaa. Ifikapo saa tatu asubuhi msitu wote umenyamaza. Mimi napenda Agosti na Septemba: kusi inavuma, hewa ni nyepesi, na wageni ni wachache.

11. Niingie saa ngapi?

Geti linapofunguliwa, saa kumi na mbili asubuhi, uwe umeshafika. Saa mbili na nusu za mwanzo zina thamani kuliko siku yote iliyobaki. Baada ya hapo ndege hutulia kivulini hadi saa kumi jioni, kisha kuna saa moja na nusu nyingine nzuri. Katikati nenda Gede, au kanywe chai na mahamri kwa mbaazi pale steji.

## Ndani ya msitu

12. Nianzie wapi?

Humu mna misitu mitatu ndani ya mmoja, na udongo ndio unaoigawa. Ukielewa hilo, orodha yako ya ndege itajipanga yenyewe.

Mashariki, karibu na barabara kuu, ni msitu mchanganyiko: miti mingi ya aina mbalimbali, kivuli kizito, mbambakofi hapa na pale. Ndiko kwenye njia fupi ya kituoni, na ndiko kwa kuanzia. Katikati, juu ya mchanga mweupe uliochakaa, ni msitu wa mrihi: miti imeachana, mwanga unaingia hadi chini, na ndege wanaonekana vizuri kuliko kwingine. Magharibi, udongo unageuka mwekundu ghafla na unaingia kwenye Cynometra, msitu wa miti mifupi iliyobanana kiasi kwamba mtu akiingia hatua tatu humwoni tena. Huko ndiko kwa bundi.

Ukiwa na asubuhi moja tu, tembea msitu mchanganyiko hadi mpakani mwa mrihi na urudi. Ukiwa na siku mbili na gari, nenda upande wa magharibi, upitie Nyari, mahali ardhi inapoinuka na unaona msitu wote umelala hadi Mida na bahari.

13. Nitamwona bundi wa Sokoke?

Ukiwa na mwongozaji anayejua anakolala, uwezekano ni mkubwa. Peke yako, karibu hakuna.

Bundi huyu, Otus ireneae, ana urefu wa sentimita 16 hivi. Wanasayansi walimjua mwaka 1965 tu, ingawa wenyeji bila shaka walikuwa wakimsikia miaka yote. Zaidi ya hapa na maeneo machache ya jirani, anapatikana miguuni mwa milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, basi. Ana rangi tatu, kijivu, kahawia na ya kutu, na hata mume na mke wanaweza kutofautiana.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Mnasimama kwenye barabara ya udongo mwekundu. Mwongozaji anakuambia usubiri, anainama, anazama kichakani. Unabaki na nzi usoni. Dakika kumi, ishirini. Kisha anarudi, anakuashiria kwa kidole bila kusema, na unamfuata ukiwa umekunja mgongo, miiba ikikuvuta shati. Anasimama. Anaonyesha tawi lililo mbele yako kabisa na wewe huoni kitu. Anaonyesha tena. Halafu kipande cha gome kinafungua jicho la njano. Mara nyingi wako wawili, wamebanana bega kwa bega.

Kaa umbali anaokuambia. Picha mbili, tatu, bila mwanga wa kamera, mtoke. Ndege huyo amelala, na kesho ataletewa wageni wengine.

14. Kwetu bundi ni ndege wa mkosi. Si vibaya kumfuata?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini na watu wazima kabisa, na silicheki. Pwani nzima bundi akilia juu ya paa watu huanza kuhesabu wagonjwa wa mtaa. Ninachoweza kusema ni kwamba huyu wa Sokoke haji juu ya paa la mtu. Anaishi kichakani, anakula wadudu, na mlio wake haufanani na ule wa kutisha wa bundi aitwaye babewatoto: ni mluzi mdogo unaorudiwa rudiwa kwa kipimo kimoja. Waongozaji wanaomtafuta kila wiki wamesomesha watoto kwa fedha yake. Asiyetaka kumwona abaki barabarani, hakuna atakayemsema.

15. Ndege gani wengine ni wa pekee hapa?

Juu kabisa kwenye mrihi kuna chozi wa Amani, mdogo, mwenye tumbo jeupe, aliyepewa jina la Amani ya Usambara. Utamtazama hadi shingo iume. Chini ya miti hiyo hiyo anatembea Anthus sokokensis, ndege wa kahawia mwenye michirizi kifuani, ambaye akishtuka hurukia tawi la chini na kusubiri upite. Kwera wa Clarke ana swali lake (la 28).

Usiwadharau wa kawaida. Kulukulu wa pwani, mwenye mabawa mekundu yanayoonekana tu anaporuka, hondohondo wanaolia kama watoto wachanga, na kororo, yule kanga mwenye nywele za kusimama, wakivuka njia kwa mstari, ni wazuri kuliko baadhi ya hao adimu.

16. Nimetembea saa nzima sijaona ndege hata mmoja. Nimekosea wapi?

Pengine hujakosea popote, isipokuwa kwenye mwendo. Ndege wa msitu huu hawakusambaa sawasawa. Hutembea kwa makundi mseto, spishi kumi au kumi na tano pamoja, wakipekua miti kwa ajili ya wadudu. Kati ya kundi moja na jingine kunaweza kuwa na nusu saa ya ukimya. Anayetembea haraka hupita katikati ya ukimya huo akidhani msitu ni mtupu.

Sikiliza kipwe weusi wenye midomo myekundu. Hao ndio mara nyingi huwa mbele ya kundi, na wana makelele: wanagonga midomo, wanatoa sauti za kukwaruza, wanaruka kutoka mti hadi mti kwa zamu. Ukiwasikia, simama. Usiwafuate, tafuta mahali penye uwazi kidogo upande wanakoelekea, ujiegemeze kwenye mti, unyamaze. Watakuja. Mramba yuko nyuma yao akisubiri wadudu wanaoshtuliwa, kigong'ota kwenye shina, chozi juu, na wale wadogo wa kijani ambao kitabu kinahitaji kurasa tatu kuwatenganisha wako kila mahali. Kwa dakika kumi hujui utazame wapi. Kisha kundi limepita, na msitu unarudi kama ulivyokuwa.

Kama kundi halikuja kabisa, kaa tu pembeni mwa dimbwi la maji wakati wa kiangazi. Wote hunywa.

17. Naruhusiwa kucheza sauti za ndege kwenye simu ili waje?

Usifanye. Ndege anayesikia sauti ya mwenzake huacha kula, huacha kiota, anakuja kupigania eneo na adui asiyekuwepo. Mara moja si msiba, ila njia zinazotembelewa sana huchezewa sauti ile ile kila siku. Baadhi ya waongozaji hupiga mluzi wa bundi mdogo wa mchana, na ndege wadogo hukusanyika kumzomea. Kidogo kidogo sawa, lakini ukiona anazidisha, mwambie kwa adabu imetosha.

18. Kile kinyama chenye makalio ya dhahabu ni nini?

Ni sange. Wataalamu humwita Rhynchocyon chrysopygus, na sehemu kubwa ya wote waliopo duniani wanaishi humu. Ana pua ndefu inayochezacheza, miguu myembamba, mwili wa rangi ya kahawia iliyoiva, na nyuma kiraka cha manjano kinachong'aa. Anaonekana panya, lakini hana undugu na panya. Ukoo wake uko karibu zaidi na ndovu.

Utamsikia kwanza: majani makavu yanachakura, yananyamaza, yanachakura. Simama. Akikugundua hupiga mkia chini, kisha hutoka mbio kwa kuruka, na kile kiraka cha manjano ndicho cha mwisho kuonekana. Alfajiri kwenye njia ya kituoni ni mahali pazuri. Gede pia wapo, na huko wamezoea watu.

19. Vipi ndovu, nyoka na wadudu?

Ndovu wapo na hawapendi kushtukizwa. Ukikuta kinyesi kinachofuka moshi, geuza, bila mjadala. Msitu umezungushiwa uzio wa umeme ili wasiingie mashambani, basi usiuguse. Nyoka wapo kama msitu wowote, na kwa kawaida hukukimbia. Tazama unapoweka mkono na usikae juu ya gogo kabla ya kuligonga.

Wanaosumbua kweli ni wadogo. Mbu: jipake dawa, na ukitoka nyanda za juu kama Nairobi au nje ya nchi, zungumza na daktari kuhusu kinga ya malaria kabla ya safari. Ndorobo wapo, wanauma hata juu ya nguo, na hupenda nguo za buluu na nyeusi. Siafu hupita njiani baada ya mvua. Ukiona mstari mweusi unaotembea, uruke, usisimame kupiga picha miguu ikiwa katikati yake. Kupe, jikague jioni.

20. Nivae nini, nibebe nini?

Suruali ndefu nyepesi, shati la mikono mirefu la rangi ya udongo au kijani kibichi, viatu vinavyofunika vidole, soksi. Maji lita moja na nusu kwa mtu kwa asubuhi. Darubini. Chupa iwe ya kurudia: plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi Kenya tangu Juni 2020, na mifuko ya plastiki nchini kote tangu 2017. Manukato yaache chumbani.

21. Naweza kurusha droni?

Si bila vibali vya mamlaka ya anga na vya wasimamizi wa msitu. Na tafadhali usiviombe.

## Mida na Gede

22. Kuna haja ya kwenda Mida kama nimeshaingia msituni?

Ipo sana, maana ni ulimwengu mwingine upande wa pili wa barabara. Hori ya Mida ni mikoko na tope la bahari, sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu. Kuna daraja la mbao linalopita juu ya mikoko hadi kwenye ukingo wa maji, kazi ya mradi wa jamii ambao mapato yake husaidia karo za wanafunzi wa shule zilizo kando ya msitu.

Nyota wa pale ni Dromas ardeola, ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huzaliana Arabuni na kwenye Ghuba, Oman ikiwemo, akichimba mashimo mchangani kuweka yai lake, jambo ambalo ndege wenzake wa pwani hawafanyi. Kisha anashuka kwetu kwa njia ile ile ya majahazi ya kaskazi. Pamoja naye utaona sululu, vitwitwi wa kila saizi, yangeyange, na heroe baadhi ya misimu.

23. Niende Mida maji yakiwaje?

Yakiwa yanajaa. Maji yakipwa kabisa ndege wanatawanyika mbali kwenye tope na hata darubini haikusaidii. Yakianza kupanda, yanawasukuma polepole kuelekea kwako. Fika saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa. Siku za bamvua yanapanda kwa kasi na onyesho ni fupi. Siku za maji mafu tope halifunikwi lote na ndege hawana haraka. Mvuvi yeyote wa Mida atakuambia saa za kesho bila kutazama simu.

24. Na Gede?

Gede ni magofu ya mji wa Waswahili ndani ya kipande cha msitu: msikiti, jumba la mfalme, makaburi, visima. Mwaka 2024 yaliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kwa mtazama ndege ni dawa ya saa za mchana: kivuli, njia safi, sange, hondohondo, na kati ya Mei na Septemba ndiko pazuri kumtafuta yule mwenye madoa wa swali la 10, akipekua majani chini ya kuta. Chakula kifiche; kima wa pale wana mikono myepesi.

Langoni kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993. Wakulima wa kando ya msitu hufuga viwavi, mradi hununua pupa, yaani viwavi waliojifunga tayari kugeuka vipepeo, na kuwauza nje kwa nyumba za maonyesho. Ingia hata kama vipepeo si jambo lako.

## Maswali ya pembeni

25. Naweza kuingia usiku kuwasikiliza bundi?

Kwa mpango na wasimamizi tu, ukiwa na mwongozaji na pengine askari. Jioni ukiwa bado ndani saa kumi na mbili inapokaribia, anza kurudi.

26. Baiskeli?

Kwenye barabara za ndani, baada ya kuuliza kituoni. Mchanga ni mzito kwa matairi membamba. Baiskeli huenda kimya na haraka, yaani ndiyo njia rahisi ya kumfikia ndovu kabla hajakusikia.

27. Mvua imenyesha usiku. Niahirishe?

Upande wa mashariki usiahirishe: mchanga hunyonya maji, na asubuhi baada ya mvua ndege huimba kama wamelipwa. Upande wa magharibi ahirisha. Ule udongo mwekundu ukilowa, hata gari la magurudumu manne hulala ubavu, na mtandao wa simu huko ni wa kubahatisha.

28. Nimekuja kwa ajili ya kwera wa Clarke tu. Nifanye nini?

Jiandae kukosa. Anapatikana Kaunti ya Kilifi peke yake, duniani kote. Humu huonekana kwenye mrihi kwa makundi yanayopita juu kwa haraka, na kuna miezi hayupo kabisa. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua anakotaga, hadi mwaka 2013 viota vilipopatikana kwenye maji ya msimu huko Dakatcha, kaskazini-magharibi mwa Malindi. Zungumza na waongozaji kwa simu kabla ya kukata tikiti, na utenge asubuhi kadhaa.

29. Nimekutana na akina mama wamebeba kuni. Si wizi?

Si lazima. Wakazi wa kando ya msitu huweza kupata kibali cha kuokota kuni kavu. Wasalimie, uwapishe njia. Mti mbichi uliokatwa, hasa muhugu ambao wachongaji wanautaka, ni habari nyingine.

30. Nimeona mtego wa waya. Niung'oe?

Mwonyeshe mwongozaji, au piga picha na ukumbuke mahali, kisha utoe taarifa kituoni. Mitego hiyo huwanasa sange na paa nunga, yule paa mdogo mwekundu ambaye mbali na hapa na misitu michache ya Kenya anajulikana zaidi Zanzibar. Usitafute mwenyewe aliyeutega.

31. Naweza kuweka orodha yangu mtandaoni?

Weka, eBird na Kenya Bird Map zote hupokea, na kumbukumbu za watu wa kawaida zina faida kwa watafiti. Isipokuwa mahali bundi anapolala, na viota vya ndege adimu. Hapo andika jina la msitu tu, na ufute alama ya ramani kwenye picha kabla ya kuituma kwa makundi ya WhatsApp.